Makunyanzi ya filamu yasifutwe, ndiyo cheti chake cha kuzaliwa

Kila mwenye runinga amewahi kufanya jambo hili bila kufunzwa na mtu. Anabonyeza kitufe, anaangukia katikati ya filamu asiyoijua jina wala waigizaji, na kabla hata mtu mmoja hajafungua kinywa anasema: "Ah, hii ni ya zamani." Akiwa mpenzi wa sinema ataongeza, "Hii ni ya miaka ya sabini." Na aghalabu hakosei sana. Swali ni hili: amejuaje? Hakuona tarehe popote. Hakuna aliyemnong'oneza. Ni picha yenyewe na sauti yenyewe zilizomwambia.

Sisi tunaofanya kazi ya lugha tunaujua mchezo huu kwa upande wa maandishi. Muswada wa kale ukiletwa mezani, mtafiti haanzi na maana ya beti. Anaanza na karatasi: ni ya aina gani, na ilitengenezwa wapi? Anatazama wino na mwandiko. Kisha ndipo aje kwa msamiati na sarufi: ni maneno gani yamo ambayo leo hayasemwi, na ni yapi hayamo ambayo yangekuwamo kama mwandishi angekuwa mtu wa jana? Muswada wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 una bahati kwa sababu umebeba mwaka wake. Mingi mingine ni kama yatima asiyejua siku aliyozaliwa, na kazi ya mtafiti ni kumtafutia yatima huyo umri.

Filamu nayo ina karatasi yake, wino wake na lahaja yake. Leo nataka tuone jinsi vitu hivyo vinavyosomwa, kisha nieleze kwa nini naona hatari kubwa katika mtindo ulioenea sasa wa kuzisafisha filamu na vipindi vikuukuu mpaka vionekane vya juzi.

Tuanze na mwendo wa watu. Ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, walipowaonyesha watu picha zao kwa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, kamera yao ilikuwa ya kuzungushwa kwa mkono, nayo ilipiga takriban picha 16 kwa sekunde. Kwa miaka 30 hivi iliyofuata hapakuwa na kasi moja iliyowabana wote. Mpiga picha mmoja alizungusha upesi, mwingine polepole, na mwenye ukumbi naye akaonyesha kwa kasi aliyoitaka. Sauti ilipoingia, uhuru huo ukaisha, maana sikio halina subira ya jicho. Picha ikienda mbio kidogo jicho husamehe. Sauti ikienda mbio, mtu mzima husikika kama mtoto. Kasi ikafungwa kwenye picha 24 kwa sekunde. Basi ukiona watu wa mwaka 1910 wakitembea kama kuku waliofukuzwa uani, usidhani walikuwa na haraka kutuzidi sisi. Ni filamu ya picha 16 iliyotiwa katika mashine ya picha 24. Kichekesho hicho ni ushahidi: filamu hiyo ilipigwa kabla sauti haijaja kuweka sheria.

Twende kwenye rangi. Hata nyeusi na nyeupe si moja. Filamu nyingi za mwanzo hazikuiona rangi nyekundu kabisa, ilhali buluu ziliiona kupita kiasi. Mdomo uliopakwa rangi nyekundu ukatoka mweusi tititi, na anga la buluu likatoka jeupe pe kama shuka, bila wingu hata moja. Mwishoni mwa miaka ya 1920 aina mpya ya utepe, inayoziona rangi zote, ilikuwa imeshika hatamu. Mawingu yakarudi angani. Kwa hiyo anga tupu katika filamu kongwe si habari ya hali ya hewa. Ni habari ya umri.

Rangi kamili zilipokuja nazo zilikuwa na tabia zake. Mwaka 1935 ilitoka Becky Sharp, filamu ndefu ya kwanza iliyotumia Technicolor ya rangi tatu tangu mwanzo hadi mwisho. Njia hiyo ilikuwa ghali na kamera yake ilikuwa nzito kama sanduku la mahari. Mwaka 1950 kampuni ya Eastman Kodak ikaleta utepe wa Eastmancolor, uliotumika katika kamera ya kawaida, na ulimwengu ukaukimbilia. Kumbe rangi zake hazikudumu. Katika nakala nyingi za miaka ya 1950 hadi 1970, buluu na kijani vimepauka vikaacha waridi tupu: milima waridi, bahari waridi, hata nywele za mzee zina uwaridi. Technicolor iliyochapwa kwa njia yake ya zamani haikupata ugonjwa huo. Mtu akiiona nakala ya waridi anaweza kusema ni utepe wa aina gani, na kwa hiyo ni wa miaka gani, kabla hajamtambua mwigizaji yeyote.

Kuna pia umbo la picha. Tangu mwanzo sinema ilikuwa karibu na mraba, upana wa nne kwa kimo cha tatu hivi. Televisheni ikarithi umbo hilo. Watu wa Marekani walipoanza kukaa nyumbani kutazama televisheni, wenye sinema wakatafuta kitu ambacho kisanduku cha sebuleni kisingeweza kukitoa. Mwaka 1953 ikaja The Robe kwa mtindo wa CinemaScope, picha pana kama ukuta. Televisheni yenyewe ilikaa katika umbo lake la zamani miongo mingi zaidi. Huku kwetu mitambo ya analogi ilizimwa mwaka 2015, na kufikia wakati huo runinga pana zilikuwa zimeanza kuingia nyumbani. Ndipo tukaanza kuona vipindi vya zamani vikivutwa ili vijaze kioo, waigizaji wembamba wakatoka na mashavu kama mahamri yaliyoumuka. Hilo nalo ni kosa la kusafisha, na tutalirudia.

Mwenye utepe wenyewe mkononi ana ushahidi zaidi ya mtazamaji. Pembeni mwa utepe mara nyingi pamechapwa maneno madogo. Palipoandikwa NITRATE, huo ni ule utepe wa kale unaoshika moto kwa urahisi, ambao uliachwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Palipoandikwa SAFETY ni utepe usio na hatari hiyo. Kodak ilichapa pia alama ndogo, duara, mraba na pembetatu, kuonyesha mwaka utepe ulipotengenezwa. Lakini alama hizo zilirudiwa kila baada ya miaka 20. Alama ya 1927 ni ile ile ya 1947. Kwa hiyo alama peke yake haitoshi. Sharti iulizwe pamoja na mashahidi wengine. Na tena inataja umri wa utepe, si umri wa tendo lililopigwa picha, kwa maana utepe unaweza kukaa kabatini kabla ya kutumiwa, na filamu ya zamani inaweza kunakiliwa kwenye utepe mpya. Ni kama daftari: mwaka wa daftari si lazima uwe mwaka wa barua iliyoandikwa humo.

Sasa sauti. The Jazz Singer ilipoonyeshwa New York mnamo Oktoba 1927, sauti yake haikuwa ndani ya utepe. Ilikuwa kwenye santuri zilizochezwa sambamba na picha. Sindano ikiruka, mwimbaji anafumba mdomo ilhali wimbo unaendelea. Baada ya miaka michache tu sauti ilihamia pembeni mwa utepe, ikiandikwa kwa mwanga. Sauti ya namna hiyo ilikuwa na mipaka. Ile sehemu ya juu kabisa ya sauti, yenye mlio wa "s" na "sh" na mtetemo wa njuga, ilikatwa makusudi ili kupunguza mchakacho wa utepe. Ndiyo maana wazungumzaji katika filamu za miaka ya 1930 na 1940 husikika kana kwamba wanasema kutoka ndani ya mtungi. Miaka ya 1970 mfumo wa Dolby uliupunguza mchakacho bila kukata sauti, na kuanzia Star Wars ya mwaka 1977 watu wengi wakazoea ukumbi ambamo ndege inapita kutoka kushoto kwenda kulia. Fumba macho usikilize filamu mbili, moja ya 1938 na nyingine ya 1988. Hutahitaji kufumbua.

Televisheni ina siri nyingine, nayo ndiyo inayofafanua ile hisia ambayo wengi wanayo lakini hawawezi kuieleza. Mbona vipindi vya zamani vya studioni vina mwendo laini mno, kama mtu anachungulia dirishani, ilhali filamu ina mwendo mzito kidogo kama ndoto? Jibu ni hesabu. Filamu hupiga picha 24 au 25 kwa sekunde. Kamera ya video ya Uingereza, ambayo mfumo wake tuliurithi, iligawa mwendo katika nusupicha 50 kwa sekunde. Katika tamthilia nyingi za BBC za miaka ya 1970, mhusika akiwa sebuleni ana mwendo wa video, akifungua mlango na kutoka nje anapata mwendo wa filamu, kwa sababu kamera za studio zilikuwa nzito kutolewa nje. Na kamera za zamani za studio zilikuwa na mirija iliyosumbuliwa na mwangaza mkali: taa ikipita inaacha mkia, kama kimondo. Ukiona mkia huo, jua kipindi kilipigwa kabla vifaa vipya havijaiondoa mirija hiyo, yaani kabla ya miaka ya 1990.

Hapa ndipo nisimulie kisa ambacho, kwa maoni yangu, kila mtunza kumbukumbu angepaswa kukijua. Ukanda wa video ulianza kuuzwa na kampuni ya Ampex mwaka 1956. Ulikuwa ghali, na sifa yake kubwa ni kwamba ungeweza kufutwa na kutumiwa tena. BBC ikafanya hivyo hivyo. Katika miaka ya 1960 na 1970 ilifuta au kutupa maelfu ya vipindi, vikiwemo vya Doctor Who, mfululizo ulioanza Novemba 1963. Kilichookoa baadhi ya vipindi ni biashara. Ili kuviuza ng'ambo, BBC iliweka kamera ya filamu mbele ya kioo cha televisheni na kupiga picha ya picha. Nakala hizo za filamu, nyingi zikiwa nyeusi na nyeupe, zikasafiri duniani. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vilivyodhaniwa kupotea vimepatikana mjini Jos, Nigeria. Fikiria hilo: Mwingereza amekuja kutafuta kumbukumbu yake Afrika! Sauti za vipindi vyote vilivyopotea nazo zipo, kwa sababu watoto na vijana wa zama hizo walitega vinasa sauti mbele ya televisheni zao wakarekodi. Mashine duni na mama akiosha vyombo jikoni, lakini sauti ipo.

Kisa hakiishii hapo. Vipindi kadhaa vilivyotengenezwa kwa rangi vilibaki kwa nakala nyeusi na nyeupe tu. Rangi ilidhaniwa imekwenda na maji. Kisha wataalamu wakatazama kwa makini zile nakala wakaona vidoa vidogo vidogo, kama chawa wa kuku, vimeenea juu ya picha. Vilikuwa usumbufu wa ishara ya rangi, ambayo mafundi walipaswa kuichuja kabla ya kunakili lakini mara nyingine hawakuichuja. Kumbe ndani ya vidoa hivyo rangi yenyewe ilikuwa imejificha. Programu ya kompyuta ikaandikwa kuvisoma, na mwaka 2008 BBC ikarusha kipindi cha Dad's Army cha mwaka 1969 kikiwa na rangi zake za asili, zilizotolewa katika nakala isiyo na rangi.

Zingatia funzo lake. Kama fundi mwangalifu angeichuja ishara ile kama alivyoagizwa, au kama msafishaji mwenye nia njema angevifuta vidoa vile miaka ya 1990 ili picha ipendeze, rangi ya kipindi kile isingerudi milele. Uchafu ndio uliokuwa hazina.

Yapo makunyanzi mengine ambayo hayapendezi lakini yana ukweli mzito. Tazama filamu na picha nyingi za rangi za miaka ya 1950 na 1960 ambamo Mwafrika na Mzungu wameketi pamoja. Uso wa Mzungu una kila mkunjo. Wa Mwafrika umekuwa kivuli chenye macho na meno. Si jua, wala si mpiga picha peke yake. Maabara za Kodak zilipima usahihi wa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kama kadi ya Shirley. Rangi ilihesabiwa kuwa sawa pale ngozi yake ilipoonekana sawa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana, katika miaka ya 1990. Basi uso ule uliozama gizani unatupa umri wa picha, na unatupa pia orodha ya watu waliofikiriwa na wale wasiofikiriwa. Ukiung'arisha kwa programu ya kisasa utapata picha nzuri, sikatai. Lakini utakuwa umemfichia mjukuu wako ushahidi.

Msomaji wa safu ya lugha ana haki ya kuuliza: Kiswahili kinaingia wapi? Kinaingia hapa. Maneno nayo ni vidoa vya umri. Mhusika akisema "nitumie kwa M-Pesa," filamu haiwezi kuwa ya kabla ya 2007. Akitaja Ukimwi, tuko miaka ya 1980 au baadaye. Mtu akiitwa "ndugu" ofisini Dar es Salaam, na aliye mkubwa kwake akaitwa "ndugu" vile vile, tunasikia mwangwi wa Azimio la Arusha la 1967. Mwanasiasa wa Kenya akihubiri "nyayo", tumeshavuka 1978. Na ukiona runinga imewashwa sebuleni mwa nyumba ya Tanzania Bara ikionyesha kituo cha huko huko, jua tuko 1994 au baada yake, kwa sababu kabla ya hapo Bara haikuwa na kituo, ijapokuwa Zanzibar ilikuwa nacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Lakini neno, kama ile alama ya Kodak, linaweza kurudi. Chukua "gavana". Mkenya akimtaja gavana wa eneo lake, ni zama zipi? Yaweza kuwa zama za mkoloni, gavana wa Kiingereza akiwa Nairobi. Yaweza pia kuwa baada ya uchaguzi wa 2013, kaunti zilipopata magavana wao. Katikati hapo miaka 50 hivi, ukimwondoa gavana wa Benki Kuu, neno hilo lilikuwa limelala. Atakayeamua ni nani? Ni picha na sauti: umbo la kioo, mchakacho wa utepe, mkia wa taa. Neno linamhitaji shahidi wa picha, na picha inamhitaji shahidi wa neno. Ukimwondoa mmoja, mwingine anaweza kudanganya.

Na lugha si maneno tu. Kiswahili kilichoandikwa tunacho cha karne kadhaa. Kiswahili kilichosemwa, chenye kiimbo, kasi, kigugumizi na kicheko, tunacho tangu mashine za kunasa sauti zilipofika tu. Katika miaka ya 1935 hadi 1937 mradi mmoja wa sinema za elimu, ulioendeshwa kutoka Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu 35 kwa ajili ya Waafrika, ukazitembeza katika nchi kadhaa zikiwa na maelezo kwa lugha mbalimbali, Kiswahili ikiwemo. Picha ilikuwa kwenye utepe, sauti kwenye santuri. Filamu chache tu kati ya hizo ndizo zilizosalia. Mwaka 1952 kijana mmoja aitwaye Rashidi Kawawa aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu. Miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Atakayetaka kujua kiongozi yule alitamkaje Kiswahili kabla ya siasa kumfunza hotuba hatapata jibu kitabuni.

Kwetu Kenya televisheni ilianza 1962. Ikaitwa Sauti ya Kenya kuanzia 1964, ikarudi kuwa KBC mwaka 1989, na KTN ikaja kuvunja ukiritimba mwaka 1990. Katika miaka hiyo Vitimbi na Vioja Mahakamani vilikusanya sebule moja Kiswahili cha mwambao, cha ziwani, cha milimani na cha mitaa ya Nairobi. Wasomi wa sarufi sanifu wakati huo walikunja uso. Leo tungetoa nini tupate mikanda yote ya vipindi vile, pamoja na makosa yake! Mle ndimo ambamo mtafiti angepima lini neno fulani la Sheng lilitoka kituo cha matatu likaingia mahakamani kwa mzaha, na lini hadhira ilianza kulicheka bila kufafanuliwa. Mzee Ojwang akisema jambo, kichekesho hakikuwa katika maneno peke yake. Kilikuwa katika namna alivyoyatafuna. Karatasi haiwezi kuhifadhi namna mtu anavyotafuna maneno.

Sasa tutazame hatari. Siku hizi programu za akili unde zinaweza kuchukua kipande cha filamu ya 1911, zikajaza picha za katikati ili mwendo uwe laini, zikakisia rangi, zikaondoa mikwaruzo, zikaongeza mlio wa farasi na kelele za sokoni. Video hizo zinapendwa na mamilioni, na mimi pia naelewa utamu wake. Lakini hebu tuseme wazi: rangi ya gauni ile haikupatikana kama rangi ya Dad's Army ilivyopatikana. Imebuniwa. Mashine imekisia. Kile cha BBC kilikuwa kusoma. Hiki ni kutunga.

Mwaka 2018 mwongozaji wa New Zealand, Peter Jackson, alitoa They Shall Not Grow Old, filamu iliyotengenezwa kwa picha za Vita vya Kwanza vya Dunia zilizohifadhiwa na Imperial War Museum. Alirekebisha mwendo, akatia rangi, akaajiri watu wa kusoma midomo ili wajue askari wale walisema nini, kisha waigizaji wakayasema. Simulizi za filamu nzima ni za maveterani waliohojiwa miongo mingi baada ya vita. Yaani ndani ya filamu moja kuna picha za 1914 hadi 1918, sauti za wazee zilizorekodiwa miaka ya 1960 na 1970, na sauti za waigizaji wa 2018. Kazi ile ni ya heshima na Jackson hakuficha alichofanya. Na picha za awali zimebaki salama makavazini. Hilo la mwisho ndilo jambo lenyewe. Anayejua atazisoma tabaka zote tatu. Lakini kijana wa mwaka 2060 atakayekutana na kipande cha nusu dakika kisicho na jina wala maelezo, atajuaje kwamba sauti ile si ya askari yule?

Hebu hamishia jambo hilo kwetu. Mtu amepata kipande cha hotuba ya Kiswahili ya miaka ya 1960. Programu imeondoa mchakacho, na katika kuuondoa imejaza silabi zilizofifia kwa kukisia. Imekisia kwa Kiswahili gani? Kwa Kiswahili ilichofunzwa, yaani cha leo. Herufi iliyotamkwa kwa lafudhi ya Pate au ya Vumba inanyooshwa ikawa ya mtangazaji wa habari wa mwaka huu. Kisha mwanafunzi wa uzamili anakichukua kipande hicho, anakipima, anaandika tasnifu kwamba matamshi ya mwambao hayajabadilika kwa miaka 60. Hakuna aliyedanganya, na uongo umezaliwa.

Sisemi tuache kusafisha. Utepe wenye ukungu usiposhughulikiwa utaoza, na kanda za sumaku hazisubiri mtu. Kanda za VHS, zilizoingia sokoni mwaka 1976, zimejaa katika makabati yetu: harusi, mazishi, ruracio, maulidi, mahafali. Mwaka 2016 kampuni ya Funai ya Japani, iliyotajwa kuwa ya mwisho kutengeneza mashine za kuzichezea, iliacha kuzitengeneza. Kila mwaka mashine zinapungua na kanda zinachakaa. Kwa hiyo kunakili ni lazima, na ni sasa.

Ninachosema ni kwamba nakala ya kwanza iwe nakala kama ilivyo. Mikwaruzo yake, mchakacho wake, umbo lake la karibu na mraba, hata ile tarehe ya pembeni ambayo saa ya kamera iliikosea, vyote vibaki. Ifungwe na isiguswe. Baada ya hapo atakayetaka kutia rangi au kupanua au kunyoosha sauti na afanye hivyo kwenye nakala ya pili, na aandike juu yake kwamba ameongeza hiki na ameondoa kile, mwaka fulani. Na kanda yenyewe isitupwe kwa sababu tu imeshanakiliwa. Kifaa cha kesho huenda kikaona ndani yake kile ambacho cha leo hakioni, kama vidoa vya BBC vilivyosubiri karibu miaka 40. Sheria hii inafaa vituo vya utangazaji, vyuo vikuu na makavazi ya taifa. Inafaa pia familia yenye kanda tano chini ya kitanda.

Na katika familia kuna kazi ambayo mashine haiwezi. Waiteni wazee watazame kanda hizo wangali hai. Waulizeni aliyesimama nyuma ya bibi harusi ni nani, gari lile lilikuwa la nani, na kwa nini watu walicheka mle mwenyeji aliposema neno ambalo leo halichekeshi mtu. Yaandikeni majibu yao pamoja na tarehe ya siku mliyouliza. Miaka 50 ijayo kuna mtu atataka kujua Waswahili na Wakenya wa zama hizi walizungumzaje, na wakati huo picha safi zitakuwa tele kila mahali. Atakachokosa ni ile iliyoachwa na uchafu wake.